Nani Atawafunda Vijana Wetu?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee, waalimu na wazazi wa Masasi na Newala)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya malezi ya vijana. Nalisita kukubali, maana mimi ni karani, kazi yangu ni kalamu na daftari. Si kungwi wala si mwalimu. Lakini karani hukaa mahali wanapopita watu wote. Huja kwake baba anayetaka barua, huja kijana anayetaka kazi, huja mama anayemtafuta mwanawe aliyekwenda mjini asirudi. Kwa hiyo, ingawa sina elimu kubwa ya malezi, nimeyaona matunda yake, mazuri na mabaya, nami nitasema niliyoyaona.

Watu wengi siku hizi husema kwamba vijana wameharibika. Neno hili si geni, babu zetu nao walilisema juu ya baba zetu. Mimi naona yafaa tuulize swali jingine, yaani, ni nani aliyepewa kazi ya kuwafunda, na je, anaifanya? Baba husema, “Nimempeleka shule, mwalimu atamfunza.” Mwalimu husema, “Mimi nafundisha hesabu na kusoma, adabu ataipata kwao.” Kungwi husema, “Nilipewa majuma mawili tu, nami nimemaliza kazi yangu.” Basi mtoto hubaki katikati, kama mzigo uliotuliwa njia panda, kila apitaye hudhani mwenyewe yu karibu.

Katika nchi yetu hii, tangu Mto Ruvuma mpaka milima ya mawe ya Masasi na juu ya uwanda wa Newala, wazee wetu hawakumwacha mtoto njia panda. Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera, wote walikuwa na chuo chao. Chuo hicho ni jando kwa wavulana, na unyago au malango kwa wasichana. Baada ya mavuno, wakati ghala zimejaa na baridi imeingia na vidonda hupona upesi, wavulana walitolewa nyumbani wakapelekwa porini, wakajengewa kibanda, wakatahiriwa, wakakaa huko muda mrefu, pengine miezi. Huko walifundishwa kustahimili maumivu bila kulia, kuwaamkia wakubwa, kutoingia ovyo nyumba wanamolala wazazi, kutega, kuwinda, na kutunza siri. Siku ya kutoka kibanda kilichomwa moto, nao wakakimbia pasipo kugeuka nyuma. Walinyolewa, wakaoga, wakavikwa nguo mpya, na kila mmoja akapewa jina jipya. Tangu siku hiyo haikuwa halali kumwita kwa jina lake la utotoni.

Tazameni hekima iliyomo. Kwanza, mtoto alijua siku gani ameacha utoto, na kijiji kizima kilijua. Hakuwa na haja ya kuvuta bangi au kupigana ili aonyeshe kwamba amekuwa mtu mzima, kwa maana ushahidi ulikwisha kutolewa. Pili, alipata mkubwa mwingine asiyekuwa baba yake. Kwa kuwa sisi wengi twahesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno; lakini hata mjomba alimkabidhi kijana kwa kungwi, kwa kuwa mambo mengine kijana hawezi kumwuliza mzazi wala mjomba. Tatu, alipata wenzi. Wale walioketi naye kibanda kimoja walikuwa ndugu zake mpaka kufa, hata kama si wa ukoo mmoja, na aliyekosa alionywa na wenziwe kabla habari haijafika kwa wazee. Na nne, alipotoka alikuta kazi yake inamngoja, yaani shamba la kufyeka, nyumba ya kujenga, na safari za kwenda pwani na wakubwa.

Mambo hayo manne, kuhesabiwa, kuwa na mlezi, kuwa na wenzi, na kuwa na kazi, ndiyo msingi wa kila chama cha vijana chema duniani. Bwana Baden-Powell, aliyeanzisha chama cha Skauti Uingereza, alipowachukua wavulana wachache kwenda kupiga kambi kisiwani mwaka 1907, aliwapa mambo hayo hayo: kundi dogo, kiongozi, na kazi ya mikono. Mwisho alikuja kuishi Afrika ya Mashariki, akafa Nyeri katika Kenya mwaka 1941. Mmakonde mzee angaliitazama kambi ile asingalishangaa sana.

Sasa nitawakumbusheni habari iliyotokea hapa hapa kwetu, maana wengine husafiri mbali kutafuta mfano hali mfano uko mlangoni. Misheni ya Universities' Mission ilifika Masasi mwaka 1876, Askofu Steere alipowaleta kwa miguu kutoka Lindi watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 Wangoni walipiga Masasi, na misheni ikahamia Newala kwa muda, karibu na mji wa Matola. Tena katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, misheni ya Masasi ilichomwa. Kwa hiyo watu wa dini hapa walikwisha kujifunza kwamba jambo lisilo na mizizi katika nchi huweza kung'olewa kwa siku moja.

Padre Vincent Lucas alifika nchi hii mwaka 1909, na Masasi ilipofanywa kuwa dayosisi yake yenyewe, mwaka 1926, yeye ndiye aliyekuwa askofu wake wa kwanza, hata 1944. Padre huyo aliona jambo moja la taabu. Kijana Mkristo aliyekatazwa jando alidharauliwa na wenziwe, akaitwa mtoto hata akiota ndevu, na kuoa kwake kulikuwa na mashaka. Basi wengine walitoroka wakaenda jandoni kwa siri, wakarudi na majina mapya na mambo ambayo padre hakuyajua. Katazo halikuliondoa jando. Lililipeleka gizani tu.

Alifanyaje? Alishauriana na mapadre na waalimu Waafrika, akakubali kwamba jando libaki, ila lisafishwe. Kambi ilibaki, kutahiri kulibaki, mafundisho ya adabu yalibaki, na sherehe ya kutoka ilibaki. Yaliyoondolewa ni matusi katika nyimbo na sadaka za mizimu, na mahali pake pakawekwa sala, na padre akaingia kambini kama mzee mmojawapo. Dawa safi ilitumika kwa vidonda. Jambo hili halikuwapendeza wote. Wazungu wengine walisema askofu amechanganya dini na ushenzi, na baadhi ya Wakristo wa hapa walisema lililoachwa liachwe. Lakini vijana walirudi mahali penye mwanga, na habari za Masasi zikasomwa na kujadiliwa mbali sana.

Walakini hapana budi niseme kweli yote. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Malango ni mambo ya wanawake, wala mwanamume hana ruhusa kuyajua, na manyakanga wenyewe hawakuwa tayari kumwonyesha mgeni yaliyomo. Hivyo unyago wa wasichana ulibadilika kidogo sana, na sehemu nyingi ulibaki ulivyokuwa. Na mpaka leo naona kwamba hapo ndipo penye jeraha letu.

Ndugu zangu, nitaungama jambo mbele yenu. Miaka michache iliyopita alikuja baba mmoja, mtu mwema, jirani yangu. Akaniambia, “Karani, niandikie barua kwa mwalimu mkuu, sema binti yangu ni mgonjwa, atakosa shule majuma matatu.” Nikamwuliza ugonjwa gani. Akacheka, akasema, “Wewe ni mtu wa hapa, unajua.” Nikajua. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa akisoma vizuri, tena mara nyingi alinisomea gazeti barazani macho yangu yalipochoka. Nikaiandika barua ile. Niliiandika kwa mwandiko mzuri, nikaweka tarehe, nikamkabidhi, naye akanishukuru.

Majuma matatu yalipita, binti akatoka, ngoma ikapigwa usiku kucha, watu wakatunza fedha, na sote tukafurahi. Lakini darasani hakurudi. Alikwisha kuambiwa kwamba sasa ni mwanamke mzima, amefundwa kukaa na mume, naye akaona haya kuketi tena benchi moja na watoto. Kabla ya korosho za mwaka wa pili alikuwa na mimba. Nampita njiani, huniamkia kwa heshima, “Shikamoo, mjomba,” nami huitika marahaba, lakini kila nimwonapo naiona barua yangu.

Sisemi kwamba unyago ndio uliomharibu. Nyumba ilikosa, shule haikuuliza, kungwi hakutafutwa na mtu, na mimi niliandika uwongo. Kila mmoja alifanya sehemu yake ndogo tu, na sehemu zile ndogo zilipounganika zikawa maisha ya mtu. Ndiyo maana leo sitaki kumnyoshea kidole mtu mmoja.

Wazee wangu, tazameni yaliyobadilika. Zamani mtoto alipelekwa jandoni akiwa amekaribia kweli utu uzima. Siku hizi wengi hupelekwa wangali wadogo sana, kwa sababu wazazi huharakisha kabla ya shule au hutaka kufanya sherehe wakati fedha ipo. Mtoto mdogo akiambiwa maneno ya ndoa atayafanyia nini? Ni kumpa panga kabla mkono haujapata nguvu. Tena zamani mafundisho yalichukua miezi. Siku hizi hubanwa katika likizo ya mwezi wa sita au wa kumi na mbili, na kinachobaki ni ngoma na pilau. Gharama imeongezeka, mafundisho yamepungua. Nimeona mtu akiuza korosho zake kwa kangomba, mti ungali na maua, kwa bei ya kutupa, ili apate fedha ya sherehe. Na shule ilipofunguliwa hakuwa na fedha ya daftari.

Na sheria nayo imebadilika, yafaa tuijue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka kumi na mitano aolewe kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Bibi Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Mwaka 2016 huo huo iliwekwa sheria kwamba amwoaye mwanafunzi au kumpa mimba huweza kufungwa miaka thelathini. Na mwezi wa Novemba, 2021, Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya mimba aweza kurudi shuleni. Habari hii ya mwisho itangazeni sana vijijini. Mimi mwenyewe nalikwenda kwa baba wa yule binti nikamweleza. Bado anafikiri. Nami sijachoka kwenda.

Juu ya wavulana pia liko jambo la elimu. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini, Kenya na Uganda, ambao matokeo yake yalitolewa kati ya 2005 na 2007, ulionyesha kwamba kutahiri hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa ukimwi na mwanamke kwa kadiri ya sehemu 60 katika 100. Basi desturi ya babu zetu ilikuwa na faida ambayo wao wenyewe hawakuijua. Lakini kisu kimoja kikitumiwa kwa watoto kumi, faida ile hugeuka hatari. Tena kupunguza si kukinga kabisa. Kijana aambiwe hivyo waziwazi, asije akadhani amevaa ngao.

Sasa tufanye nini? Wengine husema, tupige marufuku jando na unyago, watoto wasome tu. Nawajibu kwa historia ya Masasi: katazo hulipeleka jambo gizani. Wengine husema, tuache desturi kama ilivyo, isiguswe. Nawajibu kwa barua yangu. Mimi nashauri njia ya tatu, nayo ina mambo matano.

La kwanza, mwalimu na kungwi wakae mkeka mmoja. Kabla ya likizo, wazee wa kijiji wamwite mwalimu mkuu, makungwi na manyakanga, wapange siku za kuingia na za kutoka, ili mtoto asikose hata siku moja ya masomo. Hapatakuwa tena na haja ya barua za uwongo.

La pili, umri uangaliwe, na mafundisho yalingane na umri. Mtoto mdogo afundishwe usafi, adabu, kusema kweli, na kukataa mkono wa mtu mbaya. Maneno ya unyumba yangoje wakati wake.

La tatu, neno moja libadilishwe siku ya kutoka. Badala ya kumwambia binti, “Sasa umekuwa mke,” aambiwe mbele ya watu wote, “Sasa umekuwa mtu wa kutegemewa, rudi shule ukamalize ulichokianza.” Manyakanga akisema hivyo, neno lake lina nguvu kuliko hotuba mia za karani. Na zile fedha ambazo watu hutunza ngomani, sehemu yake itengwe kwa daftari na sare.

La nne, mganga wa zahanati aalikwe kambini, kila mtoto awe na wembe wake, na kidonda kitazamwe na mtu ajuaye.

La tano, nalo ndilo kubwa, mafundisho yasiishe siku ya kutoka. Wale waliotoka pamoja wabaki kundi moja, na kundi lipewe mlezi na kazi. Kazi haikosekani hapa. Mwezi wa sita na wa saba ndipo mikorosho hupulizwa salfa ili kuzuia ubwiriunga. Wako wajane na wazee wasioweza kubeba mashine. Vijana waliokwisha kukua wafundishwe kazi hiyo kwa tahadhari, wafunike pua na macho, wapulizie mikorosho ya wazee, na ujira wao uwekwe katika sanduku la kundi. Msimu wa mauzo ukifika, mwezi wa Oktoba na kuendelea, wafundishwe kusoma stakabadhi ya ghala, mfumo ulioanza mkoa huu mwaka 2007, ili wajue haki ya baba zao na kumsaidia asiyejua kusoma. Na wale wa uwanda wa Newala, ambao mama zao walikuwa wakishuka bondeni alfajiri na kupanda mtelemko na maji kichwani, wanajua wenyewe maana ya kumpokea mama mzigo. Kijana aliyebeba ndoo ya bibi asiye wake hawezi kwa wepesi kumwibia bibi yule kuku.

Nimeona kundi la namna hiyo, dogo, la vijana wasiofika ishirini, wenye mpira mmoja na majembe yao. Jioni hucheza, Jumamosi hulima shamba la kundi. Mmoja wao alikuwa mwizi anayejulikana. Hakuhubiriwa. Alipewa kutunza ufunguo wa sanduku, wenziwe wakimtazama. Mwaka wa kwanza zilipungua shilingi chache, akaulizwa, akalipa kwa vibarua. Mwaka wa pili hesabu ilitimia. Siwezi kuwaambieni kwamba kila mwizi atapona hivyo. Nawaambieni tu kwamba yule hakuwahi kuaminiwa na mtu kabla ya siku ile.

Waalimu wangu, msikate tamaa mkidhani mtoto wa kijijini hafiki popote. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, wilaya ya Masasi, mwaka 1938. Alisoma Lupaso, akasoma Ndanda, Kigonsera, na Pugu, halafu Makerere, na mwaka 1995 akawa Rais wa nchi hii, akaitumikia miaka kumi. Alipofariki, mwaka 2020, alirudishwa Lupaso kuzikwa. Mtu huyo alipita katika mikono mingi, ya wazazi, waalimu na mapadre, na hakuna mkono mmoja uliosema, “Kazi si yangu.” Si kila mtoto atakuwa Rais, wala haihitajiki. Tunahitaji wauguzi, mafundi, wakulima, na mama wanaojua kusoma. Lakini kila mtoto anahitaji mikono inayopokezana bila kumwangusha.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Sisi tunalisema neno hilo katika kila harusi na kila mkutano, halafu kila mtu huenda kwake. Nawaombeni kabla ya kuondoka leo mfanye jambo moja dogo. Kila mwalimu aliyepo hapa amtafute kungwi wa kijiji chake ajue jina lake na nyumba yake. Kila mzee amwulize mjukuu wake anafundishwa na nani. Na makarani wenzangu, tukiombwa barua ya uwongo, tuikatae kwa upole, kisha tumfuate aliyeiomba mpaka nyumbani kwake, tukae naye, tumsaidie kutafuta njia nyingine. Kukataa peke yake hakutoshi. Mimi ningalikataa tu, barua ingaliandikwa na mwingine.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Nimesema mbele ya wakubwa, basi kama nimekosa neno, nisameheni, nami niko tayari kufundishwa.